Sura ya Tano: Kaliba na Mwili wa Mnyama

Kila mnyama anayewindwa ana mwili wa aina yake, wenye ngozi ya unene fulani, mifupa ya ugumu fulani, na moyo na mapafu yaliyojificha nyuma ya mabega kwa namna inayotofautiana kati ya jamii moja na nyingine. Mwindaji anayechagua bunduki huwa anatafuta risasi itakayofika kwenye moyo au mapafu hayo mara ya kwanza inapopigwa, ili mnyama afe upesi na asitoroke na jeraha na kwenda kufia kichakani baada ya siku kadhaa za mateso. Kipimo cha kwanza kinachoongoza uchaguzi huo ni kaliba, yaani upana wa tundu la mtutu, ambao kwa kawaida hulingana na unene wa risasi inayopita humo. Sura hii inaeleza namna kaliba zinavyotajwa, mambo yanayoipa risasi uwezo wake, na jinsi kaliba zinavyopandana ngazi kwa ngazi, kuanzia zinazowafaa wanyama wadogo waharibifu wa mashamba, kama vile tumbili na nyani, hadi zile zinazohitajika mbele ya nyati na tembo. Hoja kuu ni kwamba kaliba inayofaa ni ile inayolingana na mwili wa mnyama na ambayo mpigaji anaimudu, na kwamba kukosea kwa kuzidisha kunaweza kuleta madhara sawa na kukosea kwa kupunguza.

Namna kaliba zinavyotajwa

Majina ya kaliba huwachanganya wanaoanza kujifunza, kwa sababu yalitungwa na viwanda na majeshi mbalimbali kwa nyakati mbalimbali, bila mpango mmoja uliofuatwa na wote. Waingereza na Wamarekani wamezoea kupima kwa sehemu za inchi, kwa hiyo kaliba ya .22 ina upana wa milimita 5.6 hivi, ile ya .375 ni milimita 9.5, na ile ya .458 ni milimita 11.6. Wajerumani na majirani zao hupima kwa milimita na kuongeza tarakimu ya pili inayoonyesha urefu wa ganda, yaani kikopo cha shaba kinachohifadhi baruti na kushika risasi kwa mbele, kiasi kwamba 7x57 ni risasi yenye unene wa takriban milimita 7 iliyoshikwa na ganda lenye urefu wa milimita 57. Risasi hiyo ya kiwanda cha Mauser iliyoanza mwaka 1892 ilipofika katika maduka ya Rigby huko London ilipewa jina la .275 Rigby, na tangu hapo kitu kimoja kikawa na majina mawili.

Mara nyingine jina hubeba mwaka au jina la kiwanda. Katika .30-06, tarakimu mbili za mwisho zinataja mwaka 1906, ambao jeshi la Marekani liliipokea risasi hiyo, ilhali .308 Winchester, iliyoingia sokoni mwaka 1952, hutumia risasi yenye unene uleule lakini kutoka katika ganda fupi zaidi. Kwa hiyo, kutaja upana peke yake hakutoshi kuitambulisha risasi. Ni lazima jina kamili litajwe, na jina hilo ndilo linalochongwa kwenye mtutu wa bunduki na kwenye kitako cha ganda, ili mtumiaji ayalinganishe yote mawili kabla ya kujaza risasi, kwa maana risasi isiyo ya bunduki hiyo inaweza kupasua mtutu na kumdhuru mpigaji.

Mfumo wa zamani zaidi ulihesabu idadi ya goroli za madini ya risasi, zenye ukubwa wa tundu la mtutu, zilizotimiza ratili moja ya uzito. Bunduki ya namba 12, ambayo hadi leo hutumika kurusha marisau, yaani vichembe vingi vinavyotawanyika, ni ile ambayo goroli 12 za tundu lake hufanya ratili moja. Frederick Courteney Selous, mwindaji Mwingereza aliyeuawa vitani Beho Beho mwaka 1917 na ambaye jina lake lilipewa pori la akiba la kusini mwa Tanzania, aliwinda tembo katika miaka ya 1870 kwa magobore ya namba 4, ambayo goroli yake moja ilikuwa na uzito wa zaidi ya gramu 100. Uzito huo mkubwa ulihitajika kwa sababu baruti nyeusi ya wakati ule haikuweza kuipa goroli kasi kubwa, na njia pekee ya kuongeza uwezo wake ilikuwa kuongeza ukubwa wake. Baruti isiyotoa moshi, iliyoenea mwishoni mwa karne ya 19, ilibadilisha hali hiyo kabisa, na ndiyo iliyozaa karibu kaliba zote zinazojadiliwa hapa chini.

Uzito, kasi na muundo wa risasi

Uwezo wa risasi hutokana na uzito wake, kasi yake na namna ilivyoundwa. Uzito hutajwa kwa greni, kipimo cha zamani ambacho greni 15.4 zake hufanya gramu moja, nao hufanya kazi pamoja na kasi kuzalisha nishati, ambayo wanafizikia huipima kwa jouli. Kanuni yake ni kwamba uzito ukiongezwa mara mbili, nishati huongezeka mara mbili, lakini kasi ikiongezwa mara mbili, nishati huongezeka mara nne. Kanuni hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini risasi mbili zenye unene unaokaribiana zinaweza kutofautiana sana. Risasi ya .22 Long Rifle, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1887, ina uzito wa gramu 2.6 na kasi ya mita 380 kwa sekunde, hivyo hutoka mtutuni na nishati isiyofika jouli 200. Risasi ya .223 Remington ni nene kuliko hiyo kwa kiasi kidogo mno, ina uzito wa gramu 3.6, lakini kwa kuwa huenda kwa mita 985 hivi kwa sekunde, hubeba jouli 1,700, ambazo ni takriban mara tisa ya nishati ya mwenzake.

Kasi ina faida nyingine inayohusu umbali. Risasi huanza kuvutwa na ardhi mara tu inapoacha mtutu, na kadiri inavyochukua muda mrefu hewani ndivyo inavyozidi kushuka: ikichukua robo sekunde huwa imeshuka kwa sentimita 30 hivi, na ikichukua nusu sekunde huwa imeshuka kwa zaidi ya mita moja. Risasi ya .223 hufika umbali wa mita 200 kwa muda usiofika robo sekunde, ilhali ile ya .22 Long Rifle huhitaji zaidi ya nusu sekunde kufika hapo, na kwa sababu hiyo mpigaji asiyekadiria umbali kwa usahihi atakosa shabaha kabisa, au, jambo lililo baya zaidi, atampiga mnyama mguuni au tumboni.

Hata hivyo, nishati haimwambii mwindaji kila kitu, kwa kuwa haionyeshi risasi itazama kwa kina gani. Risasi inayopaswa kupita katika ngozi nene, misuli na mifupa huhitaji uzito mwingi ukilinganishwa na upana wake, yaani iwe ndefu na nzito kwa unene wake, ili isisimamishwe njiani. Risasi ya .375 H&H yenye gramu 19.4 na kasi ya mita 770 kwa sekunde ina jouli 5,700 hivi, na ile ya .458 Winchester Magnum yenye gramu 32.4 na kasi ya mita 640 ina jouli 6,600 hivi, tofauti ambayo kwa mtazamo wa nishati si kubwa sana. Lakini uzito ukizidishwa kwa kasi bila kuipandisha kasi hiyo kwa kipeo cha pili, .458 huizidi .375 kwa karibu asilimia 40, na hesabu hiyo ya pili hukaribia zaidi yale ambayo wawindaji wa tembo na nyati wameyaona porini kwa zaidi ya miaka mia moja.

Jambo la tatu, ambalo mara nyingi husahauliwa, ni muundo wa risasi yenyewe. Risasi nyingi za uwindaji huwa na kiini cha madini ya risasi kilichovikwa gamba la shaba nyekundu, na zinatofautiana kwa namna gamba hilo linavyokiachia kiini kufunguka ndani ya mwili. Ipo risasi ya kupasuka, yenye gamba jembamba, ambayo huvunjika vipande vidogo mara inapogusa mwili wa mnyama mdogo. Ipo risasi ya ncha laini, ambayo hufunguka polepole kama uyoga, ikapanua jeraha huku ikiendelea kuzama, nayo ndiyo inayotumika kwa swala na wanyama wa kati. Na ipo risasi ngumu isiyofunguka kabisa, iliyokusudiwa kuvunja mfupa mnene na kwenda moja kwa moja hadi ndani. Mmarekani John Nosler aliwinda kongoro mkubwa wa Kanada aitwaye muusi mwaka 1946, na risasi zake za kasi zikapasuka juu ya ngozi iliyogandamana matope bila kuzama inavyotakiwa. Alirudi karakanani akatengeneza risasi yenye ukuta wa shaba katikati, ambayo sehemu yake ya mbele hufunguka na ya nyuma hubaki nzima, na kuanzia mwaka 1948 risasi hiyo ikauzwa kwa jina la Partition. Bunduki aliyokuwa nayo haikuwa na upungufu wowote wa nguvu. Kilichoshindwa ni risasi, na tangu hapo wataalamu wamekubaliana kwamba swali la kaliba haliwezi kutenganishwa na swali la muundo wa risasi inayowekwa ndani yake.

Wanyama waharibifu na kaliba ndogo

Katika Marekani, uwindaji wa wanyama waharibifu umejenga tawi zima la utengenezaji wa bunduki. Wakulima na wafugaji wa huko husumbuliwa na panya wakubwa wanaochimba mashimo malishoni na mbweha wanaoshambulia kondoo, na kwa kuwa wanyama hao ni wadogo na hupigwa kutoka mbali, palihitajika risasi nyepesi yenye kasi kubwa mno. Ndipo zikaja .22 Hornet mwanzoni mwa miaka ya 1930, .220 Swift mwaka 1935, ambayo risasi yake nyepesi ilivuka mita 1,200 kwa sekunde, .222 Remington mwaka 1950, na .22-250, iliyoanza kuuzwa rasmi na kiwanda cha Remington mwaka 1965 baada ya kutengenezwa na mafundi binafsi kwa miongo kadhaa.

Afrika Mashariki ina waharibifu wake, na hali ya mashamba yake inabadilisha hesabu. Wanaomaliza mahindi na mihogo ni tumbili, ngedere, nyani na nguruwe mwitu, na ulinzi wa kwanza dhidi yao umekuwa daima ni mtu kukaa kwenye dungu, kupiga kelele na debe, kuwasha moto au kuweka mbwa. Nchini Tanzania, wanyamapori wakali na waharibifu hushughulikiwa na askari wanyamapori, na mwananchi aliyeharibiwa mazao anaweza kupewa kifuta jasho, ilhali familia ya aliyeuawa au kujeruhiwa hupewa kifuta machozi, kwa kanuni zilizotungwa mwaka 2011. Risasi, kwa hiyo, ni hatua ya mwisho, na inapofikiwa huwa karibu na nyumba, njia za watu na mifugo.

Mazingira hayo ndiyo yanayoamua kaliba. Risasi ya .22 Long Rifle huonekana ndogo na haitoi mlio mkubwa, lakini ikikosa shabaha inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja, na kwa kuwa ni ya polepole na haivunjiki kirahisi, hugonga ardhi ngumu au jiwe na kuruka kuelekea upande usiotarajiwa. Risasi ya kupasuka ya .223 au .22-250 ina nguvu nyingi zaidi, lakini kwa kawaida husambaratika inapogonga udongo, na kwa sababu hiyo huweza kuwa salama zaidi pale ambapo mpigaji ana kilima au ukingo wa ardhi nyuma ya mnyama. Kinachobaki kuwa kosa katika kila hali ni kumpiga tumbili aliye juu ya mti kwa risasi ya bunduki ya aina yoyote kati ya hizi, kwa maana risasi iliyokosa hupaa angani na kuangukia asikokujua mtu. Kwa kazi hiyo, bunduki ya marisau ndiyo inayofaa, mradi mnyama awe ndani ya mita 35 hivi, kwa sababu vichembe vyake hupoteza kasi upesi.

Nyani dume ana uzito unaokaribia kilo 25 na mwili mgumu kuliko unavyoonekana, hivyo .223 yenye risasi inayofunguka kwa kiasi inamtosha, lakini .22 Long Rifle haimtoshi. Nguruwe mwitu ni jambo jingine kabisa. Ana uzito unaoweza kukaribia kilo 100 na mabega yaliyojaa misuli, huja shambani usiku, na akijeruhiwa humgeukia anayemfuata. Kwake risasi za kupasuka hazifai hata zikiwa na kasi namna gani, kwa sababu huishia kwenye misuli ya bega kabla ya kufika mapafuni. Hapo ndipo kaliba ndogo za kasi zinapofika mwisho wa matumizi yake na kaliba za kati zinapoanza.

Swala na wanyama wa kati

Kaliba ya .243 Winchester, iliyotolewa mwaka 1955, ilibuniwa ili kusimama katikati ya ngazi hizo mbili, kwani ikijazwa risasi nyepesi hufaa kwa waharibifu, na ikijazwa risasi ya gramu 6.5 yenye ncha laini hufaa kwa swala tomi, swala pala na pongo. Kwa mwindaji anayehitaji bunduki moja kwa kazi hizo mbili na ambaye hatarajii kukutana na mnyama mkubwa, ni vigumu kupata iliyo bora kuliko hiyo, na teke lake begani ni dogo kiasi kwamba anayejifunza haogopi kufyatua.

Wanyama wa kati wa Afrika Mashariki, hata hivyo, wanatofautiana sana kwa ukubwa. Swala pala dume ana kilo 60 hivi, kongoni na nyumbu huzidi mara mbili ya uzito huo, tandala mkubwa anaweza kufika kilo 300, na pofu dume anaweza kukaribia kilo 900, uzito ambao nyati wengi hawaufikii. Kwa kundi hilo lote isipokuwa pofu, kaliba za 7x57, .270 Winchester ya mwaka 1925, .308 Winchester na .30-06 zimethibitika kwa vizazi kadhaa. Risasi ya .30-06 yenye gramu 11.7, ikienda kwa mita 820 kwa sekunde na kubeba jouli 3,900 hivi, ina uzito wa kutosha kupita katika bega la nyumbu au pundamilia na bado kufika mapafuni. Pofu, ingawa ni mpole, anahitaji zaidi ya hapo, na wenye uzoefu humpangia 9.3x62 au .375.

Katika ngazi hii mahali pa kupiga ndipo panapoamua matokeo kuliko kaliba. Mnyama akisimama ubavu, mwindaji hufuata mguu wa mbele kwa macho kutoka chini kwenda juu, na anapofika theluthi ya kwanza ya kimo cha kiwiliwili hapo ndipo moyo ulipo, na juu yake kidogo ni mapafu. Akisimama kwa kugeuka upande, mstari huo hubadilika, na risasi inapaswa kulengwa ili itokee kwenye bega la upande wa pili, jambo linalohitaji risasi inayozama zaidi kuliko ile inayotosha kwa ubavu. Risasi ya .243 inayomwua swala pala papo hapo akiwa ubavu inaweza kusimama katikati ya tumbo lake akiwa amegeuka, na mwindaji mwenye bunduki hiyo analazimika kusubiri mnyama ageuke tena au kumwacha aende zake.

Kwa wanyama wadogo kabisa, kama dikidiki mwenye kilo 5, shida hugeuka upande wa pili, kwani risasi ya kasi inayofunguka huharibu nyama na ngozi yote. Baadhi ya wawindaji wenye .375 pekee huwapiga wanyama hao kwa risasi ngumu, ambayo hupita na kuacha tundu dogo bila kufunguka, na mfano huo unaonyesha wazi kwamba upana wa tundu la mtutu hauamui peke yake ukubwa wa madhara.

Nyati, tembo na wanyama wakali

Nyati ndiye mnyama aliyewafundisha watengenezaji wa bunduki mengi kuliko wote. Dume aliyekomaa ana kilo 600 hadi 800, ngozi nene ya shingo na mabega, na moyo ulioko chini sana katikati ya mabega, nyuma ya mifupa mizito. Akipigwa vibaya hakimbii mbali, bali huingia kichakani na kusubiri, na anayemfuata humkuta kwa umbali wa hatua chache. Kwa hali hiyo, risasi inapaswa kuwa na uwezo wa kuvunja bega na kufika moyoni hata pembe ya kupiga isipokuwa nzuri.

Kaliba za kazi hiyo zilizaliwa karibu zote ndani ya miaka kumi na mitano. Kiwanda cha John Rigby kilitoa .450 Nitro Express mwaka 1898, na serikali ya Uingereza ilipozuia bunduki za .450 nchini India na Sudan mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hofu kwamba risasi zake zingetumiwa katika bunduki za kijeshi zilizoangukia mikononi mwa wapinzani, viwanda vilibuni .470 na nyinginezo ili kulikwepa katazo hilo. Mwaka 1905 fundi Otto Bock wa Berlin alitoa 9.3x62, iliyotosha katika mtambo wa kawaida wa bunduki ya Mauser na kuuzwa kwa bei ambayo mkulima wa makoloni ya Kijerumani, ikiwemo Afrika Mashariki ya Kijerumani, aliweza kuimudu. Mwaka 1911 ikaja .416 Rigby, na mwaka 1912 Holland & Holland wakatoa .375, ambayo zaidi ya karne moja baadaye bado ndiyo kipimo ambacho nyingine zote hulinganishwa nacho. Wamarekani walichangia .458 Winchester Magnum mwaka 1956, wakiwa na lengo la kutoa nguvu zinazokaribia zile za bunduki za Kiingereza zenye mitutu miwili kwa bei ya chini.

Nguvu ya .375 iko katika upana wa matumizi yake. Kwa risasi ya ncha laini huwafaa pofu na simba, ambaye ngozi yake ni laini na ambaye risasi ngumu ingempita bila kufunguka. Kwa risasi ngumu humfaa tembo, ambaye ubongo wake umezungukwa na mfupa mnene wenye vijishimo vingi. Na kwa nyati, wawindaji wengi huanza na risasi ya ncha laini iliyoundwa imara, kisha hufuatisha risasi ngumu mnyama anapokimbia. Katika nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji, .375 ndiyo kaliba ya chini kabisa inayokubalika kwa wanyama wakali, nao ni uamuzi wa busara, kwa sababu unaweka mpaka kabla ya mwindaji kushawishika kujaribu bahati yake na kaliba ndogo.

Wanaopinga mpaka huo humtaja mara kwa mara W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda ya leo, mwanzoni mwa karne ya 20, na aliyeua zaidi ya tembo 1,000, wengi wao kwa .275 Rigby, ambayo ni 7x57 ileile inayotumika kwa swala. Habari hiyo ni ya kweli, lakini fundisho lake ni tofauti na linavyodaiwa. Bell alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi ukitazamwa kutoka kila upande, alitumia risasi ngumu, ndefu na nzito kwa unene wake, na alikuwa mpigaji wa kiwango ambacho wachache wamekifikia. Kaliba ndogo ilimfaa kwa sababu alijua anachokitafuta na alikaribia vya kutosha kukipata, katika nchi ya wazi, mbele ya makundi ambayo hayakuwa yamezoea bunduki. Mwindaji wa leo anayemuiga Bell kwa kaliba bila kumuiga kwa maarifa humtwisha mnyama gharama ya majaribio yake.

Bega la mpigaji

Kila nguvu inayoipeleka risasi mbele huirudisha bunduki nyuma, na teke hilo ndilo linaloweka kikomo cha kaliba ambayo mtu anaweza kuitumia vyema. Kwa bunduki za uzito wa kawaida, teke la .375 H&H hukaribia mara mbili ya lile la .30-06, na la .458 hufika mara tatu yake. Mpigaji anayeliogopa teke hufumba macho na kukaza bega kabla ya kufyatua, mtutu husogea kidogo, na kwa umbali wa mita 100 kusogea huko kunatosha kuihamisha risasi kutoka kwenye mapafu hadi kwenye utumbo. Yeye mwenyewe mara nyingi hajui, kwa sababu mlio na teke huficha kosa lake, naye huamini kwamba bunduki ndiyo iliyomwangusha.

Kwa hiyo, mafunzo ya uwindaji hayana budi kuanza na kaliba nyepesi, kupanda polepole, na kutumia risasi nyingi uwanjani kabla ya risasi moja porini. Anayeweza kuziweka risasi tatu za .375 ndani ya upana wa kiganja kwa mita 100 akiwa amesimama na kuegemea kijiti cha kupigia, kisha akarudia kesho yake, yuko tayari kwa nyati. Asiyeweza hilo, hata akipewa .470 yenye mitutu miwili, bado hajafika, na kumwongezea nguvu ni kumwongezea kosa.

Kuchagua

Sheria zina sauti ya mwisho katika uchaguzi huu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, hivyo maarifa haya huko ni ya askari wa hifadhi wanaolazimika kuwazuia wanyama hatari. Nchini Tanzania, uwindaji unaongozwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, na umiliki wa silaha unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na hakuna ubora wa kaliba unaomruhusu mtu kuvuka vibali, vitalu na idadi iliyopangwa. Suala la mazingira nalo limeanza kuingia katika sheria za nchi nyingine: jimbo la California lilikamilisha mwaka 2019 katazo la risasi za madini ya risasi katika uwindaji, kwa sababu vipande vinavyobaki katika mizoga huwatia sumu ndege walao mizoga. Risasi za shaba tupu, ambazo hufunguka bila kuvunjika, hufanya kazi vizuri katika kaliba zote za kati na kubwa, na nchi zenye tai walio hatarini kutoweka zina sababu ya kuzifikiria.

Ndani ya mipaka ya sheria, mpangilio unaofaa mahitaji mengi ni bunduki mbili. Kwa anayeshughulika na waharibifu na swala, ya kwanza ni .223 au .243, na ya pili ni .308 au .30-06. Kwa anayekusudia kufika kwenye nyati, ya kwanza ni .30-06 au 7x57, na ya pili ni .375. Anayelazimika kubaki na moja tu katika nchi yenye wanyama wakali achague .375 na ajifunze kuitumia kwa risasi za aina zote mbili, kwa sababu inaweza kumwua swala bila kumharibu na kumsimamisha nyati bila kuhatarisha watu. Kaliba kubwa kuliko hiyo iachwe kwa wale ambao kazi yao ni kusimama kati ya mnyama aliyejeruhiwa na watu wengine, nao waibebe baada ya kuthibitisha uwanjani kwamba wanaimudu.